Mama Beseni Anaondoka, Miguu Yetu Inabaki

Muuguzi wetu wa miguu anastaafu tarehe thelathini mwezi huu wa sita, baada ya kuitumikia nyumba hii ya wazee kwa miaka thelathini na mmoja. Ofisini wameniambia nianze na tarehe na miaka, basi nimeanza nayo na nimeimaliza. Sasa niacheni niseme kwa njia yangu. Mimi ni dobi wa hapa. Nimefua shuka za nyumba hii tangu zinafuliwa kwa mikono mpaka leo zinafuliwa na mashine, na mimi nakunja tu. Kuandika sijui. Nasema, na binti wa ofisini anaandika.

Jina lake kamili liko kwenye cheti atakachopewa. Humu ndani hakuna anayelitumia. Yeye ni Mama Beseni. Ukimwona koridoni bila beseni unahisi kuna kitu kimepungua, kama shati lililokosa kifungo. Beseni la bluu, taulo begani, na mfukoni mkasi wake wa kucha wenye mdomo mfupi na kitupa kidogo cha kulainishia. Anakaa kwenye kigoda, mguu wa mtu uko mapajani kwake, na mwenye mguu anazungumza kuliko hata anavyozungumza na watoto wake. Kazi yake kubwa ya mwisho, mwaka huu huu, ilikuwa kuzuia mume na mke wasitenganishwe uzeeni kwa sababu ya ukucha mmoja. Hilo nitalifikia, msiwe na haraka. Haraka ni ya vijana na magoti yao.

Alipoajiriwa alikuwa msichana mwembamba, kazi yake kufunga vidonda. Chumba cha miguu hakikuwepo. Kilikuwa stoo ya magodoro mabovu na mafagio. Wakati ule watu walikuwa wanaingia nyumba hii wakitembea. Baada ya muda mtu anaanza kushika ukuta, halafu anakuwa mtu wa kukaa, halafu anakuwa mtu wa kulala. Sisi tunasema ni uzee. Mzee asipotembea tunasema uzee, asipokula uzee, akinuna uzee. Uzee wa watu tuliutwika mizigo mingi ambayo haikuwa yake.

Siku moja akanikuta kwenye chumba cha kufulia nimeshika kapu la soksi, nataka kuzitumbukiza. Akaniambia, "Dada, usizifue kwanza." Nikamwambia, "Mdogo wangu, soksi hizi zinanuka mpaka nzi wanapita mbali. Nisipozifua nizifanye nini, nizitie viungo?" Hakucheka. Akazimwaga kwenye meza yangu ninayokunjia shuka safi. Kidogo nimfukuze na ile fimbo ya kukorogea nguo. Akawa anaziinua mojamoja dirishani penye mwanga. Hii imetoboka kwenye kidole gumba. Hii imetoboka hapohapo. Hii ina doa la manjano pembeni. Hii imekwisha kisigino upande mmoja, maana yake mwenyewe anakanyagia upande. Kila moja ananiuliza, "Ya nani hii?" Na mimi soksi za nyumba hii nazijua kama watu wanavyojua sura za majirani. Nikawa namtajia. Ya fundi saa wa chumba cha dirishani. Ya mwalimu mstaafu. Ya yule bibi ambaye chai haijawahi kumridhisha. Jamani, kila niliyemtaja alikuwa mtu aliyeanza kushika ukuta. Nilivuta kiti nikakaa.

Tangu siku ile soksi za nyumba hii haziguswi na maji kabla hazijaangaliwa dirishani. Mwanzoni aliangalia yeye, baadaye akanifundisha na mimi. Dobi wa nyumba nyingine akija kunitembelea akinikuta nimeinua soksi chafu juu mwangani, anadhani akili zimeniruka.

Watu wanadhani kucha ni mambo ya urembo, ya kupaka rangi siku ya harusi. Mama Beseni alituelezea taratibu mpaka hata mimi nisiyesoma nikaelewa. Ukucha wa mzee unakuwa mnene na mgumu. Ukiachwa, unasukumana na kiatu na kidole kinauma. Ukikatwa vibaya, pembe yake inaingia kwenye nyama na kidole kinauma zaidi. Sasa mtu kidole kinamuuma, anakiinua. Akikiinua anatembelea upande wa nje wa mguu. Goti linasema, mimi sikuumbwa hivi. Nyonga nayo inadakia. Mtu anayumba, anaogopa kuanguka, anaona bora akae. Akikaa sana miguu inakonda, na siku anayotaka kusimama inamkatalia. Mwanzo wa yote hayo ni kitu kidogo kama punje ya mchele, na sisi tulikuwa tunasugua magoti dawa.

Masharti yake kila mtu hapa anayajua, hata walinzi wa getini. Kucha zikatwe baada ya kuoga au kuloweka, zikiwa zimelainika. Zikatwe kwa mstari ulionyooka kama pindo la shuka, pembeni usichimbe, na usizikate fupi mpaka nyama ikachungulia. Katikati ya vidole pakauke kabisa, maana fangasi wanapenda pale palipo na unyevu. Mafuta paka mguu mzima, ila katikati ya vidole usipake. Wembe, marufuku. Na mwenye ugonjwa wa sukari asijikate mwenyewe, kwa sababu mguu wake unaweza kuumia na usimwambie. Kwa ajili ya hao alitundika vioo chini kabisa ukutani, karibu na sakafu, waangalie nyayo zao kila siku wakiwa wamekaa. Mgeni mmoja akauliza kama wazee wa hapa wanapaka lipstiki visiginoni.

Mimi mwenyewe alinishika. Nilikuwa nashinda ndani ya mabuti ya mpira yenye maji, kucha zangu zikawa za manjano, zinapukutika kama chaki. Nikamwambia ndivyo zilivyo za ukoo wetu, mama yangu alikuwa nazo. Akaniuliza, "Na mama yako alikuwa anafanya kazi gani?" Nikajibu, "Dobi." Akanitazama tu. Ikabidi nicheke. Alinipa dawa, akaninyang'anya yale mabuti, akaniletea viatu vinavyopitisha hewa. Ilichukua karibu mwaka mzima, maana ukucha wa mguu unaota kwa uvivu, lakini leo ziko safi, na msiponiamini nawavulia viatu hapahapa.

Na msimamizi wetu, asinikasirikie, alikuwa anavaa viatu vyembamba vyenye ncha, vinang'aa mpaka unaweza kuchania nywele. Mama Beseni akamsimamisha juu ya kadibodi, akamchora mguu kwa penseli, akakata ule mchoro, akautia ndani ya kiatu. Ukajikunja kote kote. Akamwambia, "Bosi, mguu wako unaingia hapa kila asubuhi, na hauna wa kumlalamikia." Siku hizi msimamizi anavaa viatu vipana kama mikate, na hasira za saa nne asubuhi zimemwisha. Sisi tunaojua sababu tunanyamaza.

Sasa nawafikisha kwa wale mume na mke, Babu Reli na Bi Sindano. Nimewaomba ruhusa wenyewe. Babu akasema, "Sema, sisi tumeshazeeka, aibu tutaipeleka wapi?" Bi Sindano akasema niseme yote, ila nisiseme nani anakoroma.

Babu Reli alikuwa mkaguzi wa reli. Kazi yake ilikuwa kutembea juu ya reli na nyundo, anagonga, anasikiliza, anaenda mbele. Bi Sindano alikuwa mshonaji wa sare za shule. Wanakaa chumba cha mwisho koridoni, chumba pekee humu chenye kitanda cha watu wawili. Kwenye kitanda hicho wananuniana na kwenye kitanda hicho wanapatana, na mimi ninayetandika asubuhi najua usiku uliopita ulikuwa wa aina gani.

Nyumba yetu ina majengo mawili. La mbele ni la wanaoweza kufika wenyewe kwenye ukumbi wa chakula, hata kwa fimbo, hata kwa ukuta. La nyuma ni la wasioweza, kwa sababu huko milango ni mipana na wauguzi wako macho usiku wote. Na huko nyuma wanaume wana upande wao na wanawake wana upande wao. Siilaumu sheria hiyo, ina sababu zake.

Mwaka huu ulipoanza, Babu Reli akaanza kuchelewa chakula. Baadaye akawa anakuja mchana tu. Baadaye hakuja kabisa. Bi Sindano akawa anambebea sahani, anatembea polepole bega limegusa ukuta, na sisi tukasema, mwanamke mwangalifu yule, hataki kumwaga mchuzi. Msimamizi akawaendea, akawaambia kwa upole kwamba ikifika mwisho wa mwezi wa nne, kama Babu hajaweza kufika ukumbini mwenyewe, itabidi ahamie nyuma.

Bi Sindano akauliza, "Na mimi?"

"Wewe, bibi, unatembea. Wewe utabaki hapa. Utakuwa unakwenda kumtembelea."

"Kumtembelea? Mume wangu? Nibishe hodi?"

 Msimamizi alitoka mle ndani akapita kwangu, akasimama anaangalia mashine inavyozunguka. Nikajua na yeye moyo umemuuma.

Daktari akaja. Akakunja magoti ya Babu, akayakunjua, akamsikiliza kifua, akamwambia, "Mzee, magoti yako yana nafuu kuliko yangu." Akamwita Mama Beseni, akamwambia, "Vya juu nimevimaliza. Vya chini nakuachia wewe." Mama Beseni akabeba beseni lake akaenda. Babu akavuta blanketi mpaka kidevuni. "Miguu hii ina mwenyewe," akasema.

Na ni kweli ilikuwa na mwenyewe. Tangu waoane, kucha za Babu zinakatwa na mkewe. Babu kitandani, Bi Sindano kwenye kigoda, mguu mapajani, redio inaimba. Miaka yote waliyokaa hapa Mama Beseni hakuwahi kuigusa miguu ile. Alikuwa anasema, chumba kile kina fundi wake. Hakutaka kuingilia mapenzi ya watu. Siku ile pia hakulazimisha. Akabeba beseni lake likiwa na maji yake, akatoka.

Mimi nilikuwa nimeshaona kwamba soksi za Babu haziletwi kufuliwa. Nikasema moyoni, mtu analala kutwa, soksi za nini? Basi siku ya kugeuza magodoro nikawaambia wasogee. Bi Sindano akaenda benchini kuota jua, Babu nikamkalisha kwenye kiti. Nilipoinua godoro upande wake, nikakuta soksi. Zimekauka, ngumu kama kadibodi, na zina damu. Babu akaniona nimeziona. Akageuza uso dirishani.

Sikuzifua. Nilizifunga kwenye kitambaa nikampelekea Mama Beseni. Akaziinua mwangani. Zote za mguu wa kushoto. Zote kidole gumba, upande wa ndani. Akashusha pumzi, akaniambia, "Twende, dada."

Hakumgombeza Babu. Alikaa kwenye kigoda, akaweka zile soksi mapajani, akanyamaza. Ana ukimya wake fulani Mama Beseni, ukimpata unaona afadhali useme tu. Babu akauliza, "Mke wangu yuko wapi?" Akaambiwa, "Anaota jua." Akasema, "Basi fungeni mlango."

Akatuambia mkewe haoni. Bibi mwenyewe hajamwambia, ila yeye amemwona anatunga uzi kwenye sindano, uzi unapita pembeni, na bibi anauvuta kana kwamba umeingia. Kucha akawa anakata kwa kupapasa, na wembe wake uleule wa siku zote. Pembe ya ukucha akiikosa, anaitafuta ndani ya nyama. "Inauma mpaka nasikia treni inapita masikioni," Babu akasema. "Akiniuliza kama ameniumiza, namwambia hata sijasikia."

Mimi mdomo wangu haukai. Nikamuuliza, "Sasa Babu, kwa nini usimwambie?"

"Nikimwambia, atajua nimejua. Na nyinyi mtajua. Asiyeona naye si anapelekwa nyuma?"

Ndipo nikaelewa mzee huyu alikuwa anafanya nini. Alikuwa ameutoa mguu wake ili mkewe asiondolewe kwenye chumba kile, na sasa mguu huohuo ndio ulikuwa unamwondoa yeye. Nilijifanya natafuta kitu kwenye kikapu cha shuka. Hakikuwemo.

Mama Beseni akamwambia, "Babu, kidole hiki kikiendelea kitautafuna mguu mzima. Leo tunakitibu. Lakini mkeo ana vidole. Atapapasa, atakuta bandeji, ataniuliza, na mimi sitamdanganya."

Babu akasema, "Mwambie nimejikwaa."

"Umejikwaa wapi, na wewe hutembei?"

Babu akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze kumsikia akicheka, ingawa alikuwa anacheka huku amekunja uso.

Wakakiloweka kidole kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi. Daktari akarudi na sindano ya ganzi, akatoa kipande cha ukucha kilichojificha kwenye nyama, Mama Beseni ameshika mguu. Nilikiona kile kipande juu ya pamba. Kama mwiba wa samaki mdogo. Nikasema, yaani hiki, hiki hapa, ndicho kilikuwa kinataka kumfanya mtu abishe hodi kwa mume wake.

Jioni Mama Beseni akamwita Bi Sindano. "Bibi, njoo unisaidie kukausha mguu huu, mikono yangu imechoka." Akamkalisha kwenye kigoda, akamwekea mguu mapajani, akampa taulo. Vidole vya bibi vikaanza kutembea, kidole kwa kidole, vikafika kwenye bandeji, vikasimama.  

Bibi akasema, "Gumba la kushoto. Upande wa ndani."

"Nimejikwaa," akasema Babu.

"Nyamaza wewe. Mguu wako unaruka mapajani kwangu, mdomo wako unasema hujasikia kitu. Unadhani nimeolewa na gogo?"

Kumbe bibi alijua siku zote kwamba anamuumiza. Alipunguza kukata, akawa anapitisha wembe juu juu, anaomba tu usiingie. Lakini kuacha kabisa hakuthubutu. Akiacha, ataulizwa kwa nini. Akisema haoni, atapelekwa nyuma. "Na huyu," akasema, "nani atamtafutia kofia yake, na iko kichwani?" Kila mmoja alikuwa anamficha mwenzake kitu ambacho mwenzake anakijua, na wote wawili kwa hofu ya mlango uleule. Babu akamshika mkono. Bibi akalia kidogo, halafu akamfinya sehemu isiyo na kidonda.

Mama Beseni hakuhubiri. Alinyoosha mkono, akasema, "Huo wembe nipeni." Akautia mfukoni, na ndio ukawa mwisho wa wembe chumba kile. Halafu akagawa kazi. Yeye atakata, bibi atapapasa. Akamfundisha Bi Sindano kuweka mgongo wa kiganja juu ya mguu atafute joto, ahisi uvimbe, atafute unyevu katikati ya vidole na pembe ya ukucha inayochoma. Vidole vile vimeshona mapindo maisha yao yote. Siku moja bibi akasema, "Hapa pana joto," na sisi wenye macho hatukuona kitu. Kesho yake pakawa pekundu kidogo, na dawa ilikuwa imeshapakwa.

Habari ya macho waliipeleka kwa msimamizi wenyewe. Akajikuna kichwa, akasema sheria inazungumzia kufika ukumbi wa chakula, haizungumzii kutunga uzi. Bibi akae. Lakini Babu ilibidi afike. Hapo hakuwa na pa kupindishia.

Na miguu ilikuwa imeshalala. Kidonda kilipokauka, Mama Beseni akawa anamkalisha ukingoni mwa kitanda, anamsimamisha, anamkalisha tena. Mpaka dirishani. Mpaka mlangoni. Kazi kubwa zaidi ilikuwa viatu. Babu alitaka kutembea na buti zake za reli, anasema namba yake haijabadilika tangu ujana. Akachorwa kwenye kadibodi, mchoro ukatiwa kwenye buti, ukakataa kuingia. "Miguu nayo inatanuka, Babu," Mama Beseni akamwambia, "hasa ya mtu aliyeitembeza kama wewe." Akamtafutia raba za turubai, pana mbele, vidole vinapumua. Babu akazitazama akasema hizi ni za mtoto wa chekechea. Bibi akamwambia, "Zivae, mimi sitaziona." Akazivaa.

Asubuhi ya mwisho wa mwezi ikafika. Msimamizi amesimama kwenye mlango wa ukumbi. Sisi wengine wote tuna kazi koridoni, ghafla koridoni kuna kazi nyingi. Mimi nilikuwa nakunja shuka ileile, nikimaliza naikunjua. Mama Beseni amesimama mbele ya chumba cha miguu, beseni amelikumbatia kifuani. Babu akatoka, fimbo mkononi, Bi Sindano nyuma yake, mkono begani kwa mumewe.

Walikuja vizuri. Katikati ya korido Babu akasimama.

Tukasema, basi. Msimamizi aliangalia chini. Mama Beseni aliinua mguu kumwendea, halafu akaurudisha palepale, nikaona vidole vyake vinalibana lile beseni kama litamtoroka. Alijua akimgusa tu, haitahesabika kwamba Babu amefika mwenyewe. Babu akaelekea ukutani, akagonga kwa fimbo, akasikiliza. Akagonga tena chini kidogo.

"Kuna bomba linavuja humu ndani," akasema, akaendelea na safari.

Alifika. Alivuta kiti chake, akakaa, akauliza kwa nini chai ya nyumba hii ni ya baridi. Yule bibi asiyeridhika na chai akapiga makofi, maana hatimaye kapata mwenzake. Mama Beseni akaingia chumbani kwake akafunga mlango, na alipotoka macho yalikuwa mekundu, akasema ni sabuni. Sabuni za humu nazijua mimi, hakuna inayofanya vile. Na bomba, fundi alibomoa ukuta akakuta linavuja kweli.

Mwezi wa tano daktari akampeleka Bi Sindano akatolewe mtoto wa jicho. Wameanza na jicho moja. Alipofunguliwa bandeji akakaa kitandani akaiangalia miguu ya mumewe muda mrefu.

"Hii miguu ya nani?"

"Yangu."

"Mbona imezeeka hivi?"

"Hukuiangalia siku nyingi."

Akainama, akaangalia kucha mojamoja kama anakagua mshono. "Ila zimekatwa vizuri," akasema. Mama Beseni akatoa mfukoni mkasi mpya wenye mdomo mfupi, akamwekea mkononi. Akamwambia, "Mwenyewe umerudi. Nakukabidhi miguu yako." Mstaafu wetu aliagana na watu hawa kwa kuwapa yeye zawadi, wakati sisi bado tunachangishana ya kwake.

Chumba cha miguu hakifungwi. Wauguzi wawili vijana amewafundisha. Mmoja alianza kazi ameziba pua, leo anaingia chumba cha kufulia ananiuliza kabla hajanisalimia, "Bibi, soksi ziko wapi?" Namwambia nisalimie kwanza, soksi hazikimbii.

Kwa niaba ya jikoni, ofisi, wauguzi, walinzi na majengo yote mawili, mdogo wangu, tunakushukuru. Wako watu humu wanaojiendea msalani wenyewe, wanaojifungulia mlango wenyewe, wanaomfuata mwenzao wakagombane naye dirishani, na hawajui kwamba ni kwa sababu yako. Mimi najua. Babu Reli kasema nikupe asante yake mara mbili. Bi Sindano kasema asitie chumvi, halafu akasema, haya, mara mbili.

Na hii ni ya kwangu. Kila Jumatatu kutoka chumba cha mwisho koridoni naletewa shuka za kitanda kimoja na foronya mbili. Nazifua pamoja, nazipiga pasi, naziweka moja juu ya nyingine, na kila nikifanya hivyo nalitaja jina lako, lile la kwenye cheti.

Nenda ukapumzike, Mama Beseni. Mungu akupe uzee wa kutembea.